Mtoto wa mkulima nani atamlipia chuo?

Wadau, mnamkumbuka Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa 2008 hadi 2015, alivyopenda kujiita "mtoto wa mkulima"? Ni mzaliwa wa Mpanda, na alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974. Enzi hizo serikali ndiyo ilibeba gharama. Msomi alilipa kwa jasho: JKT, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka huohuo, kufanya kazi kwanza ndipo aingie chuo.

Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama. Julai 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi. Deni la taifa likageuka deni la kijana: tangu 2016 mwajiriwa mwenye mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Tusikatae, yapo mema. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, cha tano na sita mwaka 2022. SUA nayo ina kampasi Katavi, yenye jina la Pinda mwenyewe.

Ila mkulima wa tumbaku Mpanda hulipwa kwa msimu, na si kila mwombaji hupata mkopo kamili. Basi ile ada iliyofutwa iwekwe benki kila mauzo, tangu kidato cha kwanza. Na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema. Bila hicho ombi la mkopo hukwama.

Nawasilisha.