Kabla ulalamikie kesha la mwaka mpya

Kila Desemba 31 mathe hunivuta kanisani kwa kesha. Mwaka ule niliacha chuo ndio nililalamika zaidi. Mwaka mpya wa nini, na shida ni zile zile?

Halafu nikasoma historia, nikanyamaza.

Wasee, Marekani wakati wa utumwa, Januari 1 ilikuwa siku ya kilio. Ndiyo siku watumwa wengi walikodishwa kwa mabwana wengine, mara nyingi kwa mwaka mzima. Mama huku, mtoto kule.

Sasa cheki usiku wa Desemba 31, 1862. Rais Abraham Lincoln alikuwa ameahidi kwamba kesho yake atatangaza watumwa wa majimbo yaliyoasi kuwa huru. Kesha lenyewe lilikuwepo tayari, Wamethodisti walikuwa nalo tangu karne ya 18. Lakini usiku huo watu weusi walijaa makanisani wakiomba na kuimba, wakingoja tarehe ile ile iliyokuwa ikiwatenganisha. Januari 1, 1863, Lincoln akatia sahihi.

Na si eti shida ziliisha asubuhi hiyo. Majimbo yenye watumwa ambayo hayakuasi hayakuguswa. Utumwa ulipigwa marufuku nchi nzima Desemba 1865, karibu miaka mitatu baadaye. Bado waliendelea kukesha, na makanisa yao mengi hukesha hadi leo.

Kumbe hawakungoja mambo yawe sawa ndio watumaini.

Mwaka huu mathe hatanivuta. Nitatangulia nimshikie kiti.