Kanisa la Kijiji katika Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara huvuka mto wa Ruaha Mkuu pale Kidatu, kisha hushika njia iendayo kusini, milima ya Udzungwa ikisimama mkono wake wa kuume kama ukuta, na mashamba ya miwa na ya mpunga yakitandaa mkono wa kushoto. Hupita Mang'ula, na kabla ya kufika Ifakara huingia Kiberege. Katika vijiji vya upande huu wamo Waislamu, Wakatoliki, Walutheri, Wabaptisti na wengine, na mara nyingi ukoo mmoja una watu wa nyumba mbili au tatu za sala, nao huzikana na kuozana kama kawaida.

Katika mazungumzo haya nataka kueleza habari za kanisa la kijiji. Sina maana ya kanisa kuu la mawe lenye mnara, bali ile nyumba ya udongo na nyasi, au ya matofali na bati, ambayo wanakijiji hujenga na kufagia wenyewe, na ndani yake hugombana na kupatana. Vitabu vya historia huandika zaidi habari za wamisionari na siku waliyofika. Hayo ni kweli, nami nitayataja. Lakini liko swali ambalo vitabu hivyo huliruka upesi: mgeni aliyeanzisha kanisa akiondoka, kanisa hubaki kwa nani? Bonde la Kilombero lilipata kuulizwa swali hilo katika taabu kubwa, wala halikupewa muda wa kufikiri.

Wenyeji wa bonde ni Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga wakaao kando ya mto; na Wambunga, ambao waliingia karne ya kumi na tisa katika misukosuko ya Wangoni; na Wabena wa mitoni; na milimani Mahenge wako Wapogoro. Mwaka 1902 watawa Wabenedikti kutoka Ujerumani walijenga misheni Kwiro, karibu na Mahenge. Hawajakaa sana, vita ya Maji Maji ikazuka, na tarehe 30 Agosti 1905 boma la Wadachi la Mahenge likashambuliwa na Wapogoro na Wambunga. Baada ya vita ikaja njaa. Hata nchi ilipotulia, misheni ikaenea tena, ikashuka mpaka Ifakara.

Sasa mtu afikirie hesabu ya kazi ile. Mapadre walikuwa wachache, vijiji vilikuwa vingi, na katika masika bonde hugeuka kuwa ziwa. Padre alifika kijijini mara chache katika mwaka. Kwa hiyo aliyekuwa kanisa kwa macho ya watu ni mwalimu, yule ambaye leo huitwa katekista. Asubuhi alifundisha watoto kusoma. Jioni aliwafundisha watu wazima maswali na majibu ya dini. Jumapili aliwakusanya kwa sala. Mshahara wake ulikuwa mdogo, naye alilima kama jirani zake. Walioandika barua na taarifa za kupeleka Ulaya walikuwa mapadre, si yeye, ndiyo maana majina ya walimu wengi yamepotea na ya mapadre yamebaki.

Kisha ikaja vita ya 1914. Majeshi ya pande zote yalitaka wapagazi na chakula, na watu wa Mahenge na wa bondeni wakatoa vyote viwili, wakitaka wasitake. Mwezi wa Oktoba 1917 jeshi la Wabelgiji likaingia Mahenge. Wamisionari Wadachi wakaondolewa katika nchi, na mapadre waliobaki katika jimbo lote lile walikuwa wachache mno. Wakapuchini wa Uswisi, waliopewa kazi ile baadaye, hawakufika Tanganyika mpaka mwaka 1921.

Katika miaka hiyo mwalimu wa kijiji aliweza kufanya nini? Kuadhimisha misa hakuweza. Kuwaungamisha watu hakuweza. Lakini sheria ya kanisa lao humpa mtu yeyote ruhusa ya kumbatiza aliye katika hatari ya kufa, na mwaka 1918 na 1919, homa kuu ya mafua ilipozunguka dunia nzima na kuifikia Afrika ya Mashariki, waliokuwa katika hatari ya kufa hawakuwa wachache. Aliweza kuwasalisha watu na kuwazika, na kuwafundisha watoto maneno ambayo yeye mwenyewe alifundishwa. Kazi hiyo kwa karatasi ni ndogo. Hata hivyo Wakapuchini hawakuanza upya kama watu waliofika porini, walikuta Wakristo. Baadaye seminari ya Kasita, huko Mahenge, ililea mapadre wenyeji, na Mahenge ilipofanywa jimbo mwaka 1964 askofu wake wa kwanza alikuwa Mwafrika, Elias Mchonde. Ifakara nayo ikawa jimbo mwaka 2012.

Huko Rungwe mambo yalikuwa karibu sawasawa. Wamoravian Wadachi waliondolewa mwaka 1916, na ingawa Waskoti wa Livingstonia walikuja kuwaangalia Wakristo wale kutoka Unyasa, kazi ya kila siku ilifanywa na wenyeji.

Nimekawia katika habari za watu wengine, ingawa nia yangu ni kufika kwa Wabaptisti, kwa sababu jambo ambalo kwa wengine lilikuwa la dharura, kwa Wabaptisti ni kanuni ya siku zote. Wao husema kwamba kanisa ni wale waaminio waliokusanyika mahali pamoja, basi. Hakuna askofu juu yao. Vyama vya makanisa wanavyo, kwa kusaidiana na kushauriana, lakini mchungaji huchaguliwa na washirika wa kanisa lenyewe, na washirika hao hao waweza kumwondoa.

Mawazo haya yalizaliwa mbali na Kilombero. Mwaka 1609 Waingereza wachache waliokimbilia Amsterdam walianza kubatiza watu wazima tu, wale waliokiri imani kwa kinywa chao wenyewe. Mmoja wao, Thomas Helwys, alirudi London, akaandika kitabu mwaka 1612 cha kumwambia Mfalme James ya kuwa yeye ni mwanadamu wala hana amri juu ya roho za watu. Mfalme hakupendezwa. Helwys alitiwa katika gereza la Newgate, akafia humo.

Lakini sehemu ya habari hii ambayo yatugusa zaidi ni ya Jamaica. Watu wengi hudhani kwamba misheni ya Wabaptisti ilianza na William Carey, mshona viatu Mwingereza aliyesafiri kwenda Bara Hindi mwaka 1793. Yapata miaka kumi kabla yake, George Liele, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa huko Marekani na kupata uhuru, alikuwa amekwisha kufika Jamaica na kuanza kanisa mjini Kingston. Katika makanisa ya namna hiyo watumwa walijifunza kuchagua viongozi wao. Wenye mashamba ya miwa waliyaogopa, na nadhani walikuwa na sababu: shemasi mmoja wa Kibaptisti, Samuel Sharpe, mtumwa, aliongoza watumwa kugoma na kuasi wakati wa Krismasi ya 1831. Alinyongwa mwezi wa Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake.

Afrika ya Mashariki ilichelewa. Wabaptisti wa Marekani, wale wa majimbo ya kusini, walifika Kenya na Tanganyika mwaka 1956, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufanya kazi Nigeria. Mmoja wa waanzilishi, Wimpy Harper, alikufa maji karibu na Dar es Salaam mwaka 1958. Wenziwe walijenga hospitali ya kifua kikuu Mbeya, na mwaka 1962 walifungua chuo cha kufundisha wachungaji Arusha. Katika nchi za Mbeya, Tukuyu na Kyela makanisa yao yaliongezeka sana.

Na bonde la Kilombero lenyewe lilikuwa likibadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha sukari kilianza kazi upande wa Kidatu, kikavuta vibarua kutoka mikoa mingi. Kati ya 1970 na 1975 reli ya Tazara ilijengwa kupita bondeni, kwa Mang'ula, Ifakara na Mlimba, na katika miaka hiyo hiyo watu walikusanywa katika vijiji vikubwa, vingine kando ya reli. Hivyo Mnyakyusa, Mhehe na Mngoni wakawa jirani wa Mndamba na Mmbunga. Mtu wa namna hiyo, aliyeacha ukoo wake mbali, hufika kijijini hana shangazi wala mjomba. Mbaptisti hutakiwa kuja na barua kutoka kanisa alikotoka, iliyoandikwa na katibu, yenye kushuhudia kwamba ni mshirika mwema. Barua ile husomwa mbele ya watu, nao hukubali kumpokea. Tangu siku hiyo akifiwa wako watu wa kuchimba kaburi na kukesha naye. Mimi naona karatasi ile ndogo imejenga vijiji kuliko hotuba nyingi.

Sasa tuingie ndani. Mwaka wa kanisa la kijiji bondeni haufuati kalenda ya ukutani, bali hufuata mpunga. Mvua zikianza, karibu na Desemba, watu wengi huhama na jamaa zao kwenda mashamba ya mbali, nao hukaa huko miezi, katika vibanda na madungu, kwa kulima na kupanda na kufukuza ndege na nguruwe. Kijijini hubaki wazee na wanafunzi na wagonjwa. Kanisa lililojaa mwezi wa Oktoba huwa na watu wachache mwezi wa Machi, na mchungaji mgeni asiyejua desturi hudhani kundi lake limemkimbia. Mwenyeji hadhani hivyo, maana mara nyingi yeye mwenyewe yuko dunguni. Huko shambani majirani watatu wanne hukusanyika Jumapili chini ya mti, mmoja akasoma Biblia, wakaimba. Kwa kanuni yao hawahitaji idhini ya mtu yeyote kwa kufanya hivyo.

Fedha nazo hufuata mpunga. Mwezi wa Februari mfuko huwa mtupu. Mwezi wa Julai sadaka huletwa kwa debe, na mweka hazina hulazimika kuwa mfanya biashara: auze leo kwa bei ndogo ya mavuno, au aweke mpaka bei ipande, panya wakila sehemu yao? Shauri hilo laweza kuchukua alasiri nzima.

Maana mambo huamuliwa katika mkutano wa washirika. Mwenyekiti huuliza, watu hunyosha mikono, katibu huandika. Mwanamke muuza samaki ana kura moja, na mwalimu mkuu wa shule ana kura moja. Palipo na desturi ya wazee kusema na wengine kuitikia, jambo hili huleta utamu na uchungu pia. Kijana mmoja aweza kusimama na kuuliza fedha za mabati zimekwenda wapi.

Sitaficha udhaifu wake. Kanisa lisilo na askofu halina mtu wa kukata shauri watu wakishindwa kupatana. Wakigombana juu ya mchungaji, au kiwanja, au mapato ya kwaya, nusu yao waweza kutoka na kuanza kanisa lao hatua mia mbili mbele. Mchungaji naye huishi kwa jembe lake, na katika mwaka wa mafuriko hana mshahara kutoka popote. Wakatoliki wana jimbo, Walutheri wana dayosisi. Kigango kikipatwa na shida, liko shina la kukishika. Kanisa dogo la Kibaptisti mara nyingi lina washirika wake tu.

Ubatizo nao una shauri lake. Hawabatizi watoto wachanga, na abatizwaye huzamishwa mwili wote. Mto wa Kilombero ni mpana, lakini una mamba na viboko, na wanaoujua hawaingii kwa kubahatisha. Vijito vishukavyo kutoka Udzungwa vina maji safi na baridi, na wakati wa kiangazi kina chake humfikia mtu kiunoni. Abatizwaye hushuka na mchungaji, huku ndugu zake, Wakristo na Waislamu, wakitazama kutoka ukingoni.

Mavuno yakiisha watu hurudi kijijini, na mkutano mkuu huitwa. Kabla ya shauri lolote katibu hufungua daftari, akasoma majina yote moja moja, na aliyeitwa huitika. Jina likiitwa na kukosa mwitikio, watu hugeuka kutazama jamaa zake, nao husema: yuko Mlimba kwa mwanawe, amehama na barua yake, tulimzika dunguni mwezi wa Aprili, maji yalipokuwa mengi, hatukuweza kumleta. Katibu huandika, akaendelea na jina linalofuata.