Masurufu ya Mwezi: Kilichobaki ni cha Nani?

Kuna kisa cha Sayyidna Abubakar (r.a.) ambacho husimuliwa sana katika mawaidha ya ndoa, khasa unapofika wakati wa kuwanasihi akina mama juu ya matumizi. Mkewe alitamani kitu kitamu. Khalifa akamwambia kuwa hawana cha kununulia. Bibi akajibu kuwa atajibana katika masurufu ya kila siku mpaka kipatikane. Akafanya hivyo kwa siku kadhaa, akakusanya kiasi kidogo, akampa mumewe akanunue. Sayyidna Abubakar akakichukua na kukirudisha Baitul Mali, akiona kuwa kilichoweza kuwekwa ni ziada ya mahitaji yao, kisha akaagiza posho yake ipunguzwe kwa kadiri ile ile ambayo bibi alikuwa akiiweka. Ibn al-Athir amekitaja kisa hiki katika historia yake, al-Kamil.

Wanaume wengi husikia haya wakatoka na hukumu mkononi: fedha ya chakula inayobaki mwisho wa mwezi irudi kwa mume, na mwezi unaofuata apunguze. Na ikiisha tarehe ishirini, basi mke ndiye asiyejua kutumia. Tumeonelea jambo hili litazamwe kwa utulivu, kwani kisa ni cha kweli katika vitabu vya historia, lakini hukumu inayotolewa ndani yake haimo.

Tuanze na posho yenyewe. Sayyidna Abubakar alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Aliposhika ukhalifa mwaka wa 11 H (632), asubuhi alionekana akielekea sokoni na nguo begani kama desturi yake. Sayyidna Umar na Abu Ubayda (r.a.) wakamkuta njiani, wakamuuliza vipi atafanya biashara ilhali amekabidhiwa mambo ya Waislamu. Akauliza naye atawalisha nini watu wake. Ndipo akawekewa fungu, na Ibn Saad ametaja kuwa lilikuwa nusu ya kondoo kwa siku pamoja na mavazi. Basi masurufu ya nyumba ile hayakuwa mali ya mume hata kidogo. Yalikuwa mali ya umma, yaliyotolewa kwa kadiri ya haja, na kilichozidi haja mwenyewe alikuwa Baitul Mali. Mume wa leo anayemhisabia mkewe senti kwa kisa hiki amejiweka mahali pa Baitul Mali, na hapo si pake.

Ama kukata fungu la chakula kwa muda maalumu, hilo lina asili kubwa zaidi. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Sayyidna Umar kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za mashamba ya Banu Nadhir na kuwawekea watu wake chakula cha mwaka mzima. Na katika mazao ya Khaybar, iliyofunguliwa mwaka wa 7 H (628), wakeze walikuwa wakipewa wasaki 100 kwa mwaka: 80 za tende na 20 za shayiri. Wasaki moja ni swaa 60. Wazee wetu wa pwani waliita swaa pishi, na mudi, ambayo ni robo ya swaa, wakaiita kibaba. Kwa hisabu hiyo, wasaki 20 za shayiri ni pishi 1,200 kwa nyumba zote.

Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alifariki hali deraa yake imewekwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya pishi 30 za shayiri. Msomaji atauliza: chakula cha mwaka kilikwenda wapi? Wanavyuoni, akiwemo Imam an-Nawawi, wamejibu kuwa kuweka aliweka, lakini mwaka haukuwa ukimalizika kabla ya kile kilichowekwa kutolewa katika njia za kheri, kwa wageni na wenye haja. Hapana mwenye nyumba asiyeijua hali hii, ijapokuwa kwa daraja ya chini mno. Bajeti imeandikwa, mara unabisha hodi mgeni. Fungu lililoisha mapema si lazima liwe limefujwa.

Kipimo cha mwezi kwa kila mtu kilitafutwa na Sayyidna Umar (r.a.), naye hakukaa akakisia. Al-Baladhuri (aliyefariki 279 H) amesimulia kuwa aliamuru jaribi moja ya nafaka isagwe, iokwe mikate, ivurugwe kwa mafuta, kisha akaita watu 30 wakala chakula cha mchana mpaka wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo kwa jaribi nyingine. Hapo akapata jibu: jaribi mbili zinamtosha mtu mmoja kwa mwezi. Tuizingatie njia aliyoitumia. Watu 30 kwa siku moja ni sawa na mtu mmoja kwa siku 30, kwa hiyo majaribio ya siku moja yalimpa jawabu la mwezi mzima, tena kwa matumbo ya watu walioketi mbele yake. Watu wakawa wanapewa jaribi mbili kila mwezi, mwanamume, mwanamke na mtumwa bila ya tofauti. Imesimuliwa hata kuwa mtu alipotaka kumwapiza mwenzake alimwombea akatiwe jaribi zake mbili!

Tunalitaja hili kwa sababu wengi katika wanaokata fungu la chakula cha nyumba zao hawajapata kufanya nusu ya kazi hiyo. Fungu hukatwa kwa kukumbuka bei za mwaka juzi.

Sasa tuingie katika fiqhi. Msingi wa wote ni kisa cha Hind bint Utba (r.a.), aliyemshitaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume (s.a.w.) kuwa ni mtu mwenye mkono mgumu, hampi cha kumtosha yeye na wanawe ila akichukua bila ya yeye kujua. Akaruhusiwa achukue kinachomtosha na kuwatosha wanawe kwa wema unaojulikana. Hapo pana maneno mawili ambayo wanafiqhi wamezozana juu yake kwa karne nyingi, nayo ni kutosha na desturi. Hapana idadi.

Imam ash-Shafii (aliyefariki 204 H) alionelea idadi iwepo, ili ugomvi ukatike. Akakisia kwa kafara, kwani kafara kubwa humpa maskini mudi mbili na ndogo humpa mudi moja. Madhehebu yake, ambayo ndiyo yetu wengi katika pwani hii, yakathibitisha kuwa mke wa mwenye wasaa ana mudi mbili kwa siku, wa mtu wa kati moja na nusu, na wa mwenye dhiki moja. Fungeni hisabu ya mwezi wa siku 30: vibaba 60, au 45, au 30. Juu yake kuna kitoweo kwa mujibu wa mji na msimu, nyama kwa desturi ya mji, na gharama ya kusaga na kuoka, kwani mke halazimiki kupokea nafaka kisha atafute mwenyewe wa kumsagia. Minhaj ya an-Nawawi, kitabu kilichosomeshwa katika darsa za pwani kwa vizazi, imefikia hadi kusahihisha uzito wa mudi kutoka dirhamu 173 na thuluthi kwenda 171 na subui tatu. Mwenye kudhani kuwa fiqhi haikujali mambo ya jikoni na asome mlango ule.

Lakini hata ndani ya madhehebu wapo ambao nyoyo zao hazikutulia. Al-Adhrai (aliyefariki 783 H), mwanachuoni mkubwa wa Kishafii wa Sham, alisema kuwa hamjui aliyemtangulia imamu katika kukadiria kwa mudi, na kwamba lau si adabu angelisema kuwa lililo sawa ni desturi. Ni maneno ya mtu mwenye adabu ambaye amelisema hata hivyo.

Mahanafi, pamoja na wengi katika Malik na Hanbal, walisimama kwenye kutosha. Na ni Mahanafi waliolishughulikia suala la mwezi kwa kina, mpaka al-Khassaf (aliyefariki 261 H) akaandika kitabu kizima cha nafaka, yaani matumizi, mbali na nafaka ya ghalani. Walisema kadhi amwangalie mume chumo lake: fundi wa kazi za mikono akatiwe kwa siku, mfanyabiashara kwa mwezi, mwenye mashamba kwa mwaka, ili kila mmoja atoe wakati anaopata. Hili tungependa lisomwe mara mbili na wanaotaka kumbebesha kibarua wa kutwa mfumo wa mtu wa mshahara, na kinyume chake.

Imam Muhammad bin al-Hasan (aliyefariki 189 H) alitaja dirhamu nne kwa mwezi kwa mume mwenye dhiki. Baada yake wako waliotaka kulifanya jambo hilo sheria ya kudumu. As-Sarakhsi na wengineo wakakataa: ile ilikuwa bei ya zama zake na mji wake, na bei hubadilika kwa mahali na wakati, kwa hiyo kadhi hutazama kinachotosha katika zama zake yeye. Wakaongeza kuwa kadhi akishakata fungu, kisha bei ikapanda, mke ana haki ya kudai liongezwe, na ikishuka mume naye ana haki ya kudai lipunguzwe. Hukumu iliyoandikwa kwa fedha hufuata soko. Leo makadhi wetu wa Kenya na Zanzibar nao hukadiria matunzo kwa shilingi kwa mwezi, na shilingi haina ahadi na mtu.

Tufike sasa kwenye suala lililotufungulia makala hii, la kilichobaki. Jibu la Mahanafi liko wazi. Mke akipewa nafaka yake ya mwezi, mwezi ukaisha na kimebaki kitu, hupewa ya mwezi mwengine kamili. Kilichobaki ni chake. Na kikimpotea au kikaibiwa katikati ya mwezi, mume halazimiki kumpa kingine mpaka mwezi uishe. Faida yake na hasara yake zote ziko mkononi mwake. Mashafii nao wanasema kuwa mke huimiliki nafaka yake, huuza akitaka na hutoa akitaka, ila akijibana mpaka akajidhuru, hapo mume ana haki ya kumzuia.

Ama nafaka ya watoto na jamaa ni mlango mwengine. Hiyo imewekwa kwa haja, si kwa kumilikishwa. Ikibaki, haja ya mwezi ujao imepungua kwa kiasi hicho. Ikiibiwa, haja iko pale pale na baba atatoa tena. Basi katika pochi moja ya masurufu mna mali za aina mbili, fungu la mke na fungu la wanawe, na mara nyingi mna aina ya tatu, chakula cha mume mwenyewe, ambacho mke ni wakili wake tu katika kukinunua. Anayesema chote kinachobaki ni cha mke amekosea, na anayesema chote ni cha mume amekosea zaidi.

Atasema mtu: katika nyumba zetu watu hula sinia moja, nani atagawa? Minhaj imelijibu hilo. Mke akila pamoja na mumewe kama ilivyo desturi, dai lake la mudi za siku ile huanguka kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa nyumba ya sinia moja, kwa hiyo, kinachoangaliwa ni makubaliano na desturi. Kama imezoeleka katika mji kuwa mke mwenye kununua kwa uangalifu hujiwekea kinachosalia, na mume analijua hilo akanyamaza miaka kumi, hana haki ya kuamka siku moja akamwita mwizi. Kama amesema tangu mwanzo kuwa hii ni ya chakula tu na kinachobaki kirudi, basi fungu lisilo la mke ni amana mkononi mwake. Kwa rai yetu ugomvi mwingi unaofika kwa makadhi ungelikatika lau maneno haya yangelisemwa siku fedha inapokabidhiwa.

Limebaki jambo la kupima. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa al-Miqdam (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wapime chakula chao wapate baraka. Na imepokewa pia kwa Bi Aisha (r.a.) kuwa baada ya kufa Mtume (s.a.w.) alikuwa na shayiri kidogo katika rafu ya nyumba yake, akala kwayo muda mrefu, hata siku moja akaipima, ikaisha. Mume mmoja hushika hadithi ya kwanza akawa anafungua pipa la mchele kila Ijumaa kutazama limeshuka vidole vingapi. Mwengine hushika ya pili akasema hisabu huondoa baraka, akanunua bila ya kujua alinunua nini.

Ibn Hajar (aliyefariki 852 H) amezikusanya pamoja katika Fat-hul Bari. Kupima kulikoagizwa ni pale chakula kinaponunuliwa na kuingizwa nyumbani, kwani hapo pana haki ya muuzaji na mnunuzi. Wako pia waliosema ni kupima kile kinachotolewa kwa matumizi, ili kisitolewe zaidi ya haja wala pungufu, kwa sharti kinachobaki kiachwe bila ya kujulikana. Kupima kulikoiondosha shayiri ya Bi Aisha ni kule kwa kuchungua kilichosalia.