Mguu Usiouma Ndio wa Kuchungwa

Wewe mama unayemtunza mzazi, mume au nyanya mwenye kisukari, kipindi cha leo ni chako.

Huenda umemwona nyanya akitembea kwa kuyumba, kandambili imemtoka na hana habari. Ukimwuliza, anasema miguu haimuumi, ila ni kama anakanyaga pamba. Usifurahi kwamba haumwi. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na kwa kawaida ganzi huanza vidoleni. Baadaye misuli ya mguu hudhoofu, vidole hujikunja, na uzito wa mwili huelemea sehemu moja ya wayo.

Tulijuaje haya? Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata kisukari hakuishi sana. Mwaka huo insulini ilitumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa, mjini Toronto, Kanada. Wagonjwa wakaanza kuishi miaka mingi, na madhara ya miguu yakaonekana zaidi.

Mwaka 1946 daktari Paul Brand alikwenda Vellore, India, akawatibu wagonjwa wa ukoma. Watu waliamini kuwa ukoma wenyewe hula vidole. Brand aliona kwamba vidonda vingi vilitokana na kuungua, kukatwa na kusuguliwa bila mgonjwa kuhisi. Baadaye, akiwa Marekani, alitumia elimu hiyo hiyo kuokoa miguu ya wenye kisukari.

Hebu tuje kwetu Nairobi. Wengi hutoka Kangemi na Kawangware kwa miguu hadi mjini. Kiatu kikikubana, utachechemea au utakivua. Mwenye ganzi huendelea na safari. Msumari ukitoboa soli, atafika kazini na kidonda bila kujua. Kidonda kikioza, mguu waweza kukatwa.

Basi mama, fanya hivi. Kila jioni angalia nyayo zake na katikati ya vidole. Osha miguu kwa maji ya vuguvugu, ukiyapima kwanza kwa kiwiko chako, kisha ukaushe vizuri. Asiote miguu kwenye jiko. Kung'uta viatu kabla hajavaa. Ukimnunulia viatu, hata vya mitumba, chagua vyenye nafasi vidoleni. Usikate sugu kwa wembe. Asiache dawa zake.

Akienda kliniki, mwambie avue viatu hata kama hakuulizwa. Mhudumu atamgusa nyayo kwa kijiuzi cha nailoni. Asipokihisi, miguu yake yahitaji ulinzi zaidi. Ukiona kidonda, malengelenge, au mguu umekuwa mwekundu na una joto, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje maumivu.

Maumivu ni askari wa mwili. Kwa mwenye ganzi askari huyo amelala, na macho yako ndiyo yanayokesha. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.