Swali Linaulizwa Garissa, Jibu Linatoka Nairobi: Historia Fupi ya Vigeu vya Mazingira

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na wengine mmeshaanza kudhani nimeacha kuandika. Bado nipo. Leo nataka tuzungumzie jambo dogo ambalo kila kompyuta hulifanya mara nyingi kwa siku bila sisi kujua: programu inauliza swali kuhusu mahali ilipo, na mtu au kitu fulani kinajibu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha turudi nyuma kwenye historia.

Mwezi mmoja wa Ramadhani nilikuwa Garissa nikisaidia kwenye chumba cha kompyuta kilichounganishwa na bweni la wanafunzi. Mashine zilikuwa kama ishirini, zote za Linux. Nilikuwa nimeandika kijiprogramu kwa lugha ya C cha kuonyesha saa za sala kwenye skrini. Kilikuwa kinauliza kigeu kimoja cha mazingira, nilichokiita MJI, halafu kinapiga hesabu ya jua la mji huo. Kuzungukia mashine ishirini kuandika MJI moja moja kulinichosha. Nikatengeneza maktaba ndogo inayodaka swali hilo na kulijibu kutoka kwenye faili moja la pamoja. Faili hilo nililitoa kwenye mashine yangu ya Nairobi, na ndani yake kulikuwa na jibu la Nairobi.

Siku tatu zikapita. Alfajiri ya siku ya nne maalim aliyekuwa akisalisha pale bwenini aliingia na kukuta vijana bado wanakula daku.

"Hamkusikia adhana?" akauliza.

"Tumesikia, maalim," mmoja akajibu, "lakini tulidhani msikiti umewahi. Kompyuta inasema bado dakika kumi na moja."

Maalim hakunifokea. Aliniita pembeni akaniuliza, "Kijana wangu, hii kompyuta yako jua linalichomozea wapi?" Swali hilo ndilo asili ya makala haya.

Tulikotoka

Kabla ya mwaka 1979 programu ya Unix ilipoanzishwa ilipokea maneno iliyopewa kwenye mstari wa amri, na zaidi ya hapo ilijisomea mafaili. Toleo la Saba la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka huo wa 1979 pamoja na sheli ya Stephen Bourne, ndilo lililoleta mazingira kama tunavyoyajua: orodha ya majina na thamani zake, kama HOME na PATH, ambayo kila programu huirithi kutoka kwa programu iliyoizaa. Pamoja na orodha hiyo ikaja fanksheni ya getenv. Unaipa jina, inakurudishia thamani.

Zingatia neno "huirithi". Mtoto hupewa nakala. Akiibadilisha, mzazi haoni. Mzazi naye akibadilisha yake baadaye, mtoto aliyekwisha kuzaliwa habadiliki. Mpango huu hauna makao makuu. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayemwingilia mwenzake, na ubaya wake ni kwamba ukiwa na mashine ishirini, au elfu ishirini, huna mahali pamoja pa kusema neno likasikika kote. Usumbufu ukazidi baada ya mwaka 2011, pale Adam Wiggins wa Heroku alipoandika mwongozo wa mambo kumi na mawili ya kuunda programu za mtandaoni na kushauri mipangilio iwekwe kwenye vigeu vya mazingira. Watu wengi waliufuata. Kisha wakaanza kutafuta namna ya kuvisimamia vigeu hivyo kutoka sehemu moja.

Kigeu cha saa

Kigeu kinachoonyesha vizuri ugumu wa jambo hili ni TZ, kile kinachoiambia kompyuta majira ya saa. Mfumo wake wa zamani ulikuwa unaandika kila kitu ndani ya kigeu chenyewe. Kwa Kenya ungeandika EAT-3. Alama ya kutoa isikushangaze: waliobuni mfumo huu walikuwa Marekani, magharibi ya Greenwich, wakaamua magharibi iwe chanya. Sisi wa mashariki tukaangukia upande wa hasi.

Baadaye Arthur David Olson akaanzisha hifadhidata ya majira ya saa ya dunia, na mwaka 1993 Paul Eggert akapendekeza majina ya bara na mji. Ndipo tukapata Africa/Nairobi. Ukilifungua faili la Afrika utakuta historia ya ukoloni imeandikwa kwa dakika. Kwa mujibu wa hifadhidata hiyo, hadi Mei 1908 Nairobi ilifuata jua lake yenyewe, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Kisha ikawa saa 2 na nusu. Katikati ya 1928 ikawa saa 3. Mwanzoni mwa 1930 ikarudishwa saa 2 na nusu, Januari 1937 ikawa saa 2 na dakika 45, na tangu Agosti 1942 imekuwa saa 3 hadi leo.

Garissa haina mstari wake humo. Wajir haina, Mandera haina. Kanuni ya hifadhidata ni kwamba sehemu ambazo saa zake zimekwenda pamoja tangu mwaka 1970 zinawakilishwa na mji mmoja. Hata Africa/Mogadishu siku hizi ni kiungo tu kinachoelekeza Africa/Nairobi, sawa na Kampala, Dar es Salaam na Addis Ababa. Msomaji wa Kaskazini Mashariki huenda akatabasamu hapa. Hii ni sehemu iliyofanywa wilaya iliyofungwa na wakoloni mwaka 1926, ambayo jirani yake Jubaland ilikatwa na kukabidhiwa Italia mwaka 1925, na ambayo iliishi chini ya hali ya hatari kuanzia Desemba 1963 hadi 1991. Kuuliza jambo Garissa na kusubiri jibu kutoka Nairobi hakukuanza na kompyuta.

Lakini tuwe waadilifu. Kwa swali la saa ya ukutani, jibu la Nairobi ni sahihi kabisa kwa Garissa. Kenya nzima ina saa moja. Kosa langu lilikuwa kuchukua jibu hilo la saa na kulitumia kwa swali la jua.

Kudaka swali njiani

Sasa, maktaba yangu ilidakaje swali? Jibu linatupeleka mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye SunOS 4 ya kampuni ya Sun. Mfumo huo ulileta maktaba za pamoja zinazounganishwa na programu wakati inapoanza kukimbia. Programu inasema tu "nahitaji getenv", na kiunganishi kinaitafuta kwa zamu: kwanza ndani ya programu yenyewe, kisha kwenye maktaba zilizotangulizwa, halafu kwenye maktaba nyingine. Kigeu cha LD_PRELOAD ndicho kinachotaja maktaba za kutangulizwa. Kwenye Linux liko pia faili la /etc/ld.so.preload, linalofanya kazi hiyo kwa mashine nzima. Ukiandika maktaba yenye getenv yako na kuitanguliza, yako ndiyo itakayopatikana. Ndani yake unaangalia jina lililoulizwa. Kama ni MJI unajibu wewe, na kama ni jingine unalipeleka kwa getenv ya asili. Mistari thelathini ya C inatosha.

Ni ufundi mtamu, ila una mipaka ambayo niliijua kwa kuumia. Nilijaribu kudaka TZ pia, saa haikubadilika hata kidogo. Sababu ni kwamba glibc, inapotaka kujua TZ kwa ajili ya hesabu zake, humwita getenv wake wa ndani moja kwa moja bila kupita kwa kiunganishi. Python nayo huinakili orodha yote mwanzoni, na baada ya hapo hujibu kutoka kwenye nakala yake. Programu nyingi za Go hazipiti kwenye maktaba ya C kabisa. Kwa hiyo "makao makuu" yangu yalisikika na baadhi tu ya programu, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea kunionya.

Tena njia hii ina historia ya hatari. Novemba 1995 kituo cha CERT kilitoa onyo kuhusu seva za telnet. Mtu wa mbali aliweza kutuma vigeu vyake kabla hata ya kuingia, seva ikavipokea na kumrithisha programu ya login. Kama alikuwa ameshapata njia ya kuweka maktaba yake kwenye mashine hiyo, aliweza kuifanya login iipakie, na login ilikuwa inakimbia kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo. Kiunganishi hukataa LD_PRELOAD ya mtumiaji kwa programu zinazopandishwa mamlaka, lakini hapa aliyeiita login alikuwa tayari ni mkuu, kwa hiyo hakikuona sababu ya kukataa. Miaka karibu ishirini baadaye, Septemba 2014, Stéphane Chazelas akagundua kasoro ya Shellshock: sheli ya bash ilikuwa inatekeleza amri zilizofichwa ndani ya thamani ya kigeu. Katika visa vyote viwili tatizo ni lile lile. Anayejibu maswali ya programu ndiye anayeiongoza.

Turudi Garissa

Hesabu ya maalim ni rahisi. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani wuzi mmoja kwa dakika 4. Nairobi iko karibu nyuzi 36.8 mashariki, Garissa karibu 39.6. Tofauti ni nyuzi 2.8, sawa na dakika 11. Mandera, iliyo karibu nyuzi 41.9, inatangulia Nairobi kwa kama dakika 20. Jioni kosa hilo halikuwa na madhara makubwa, maana kuchelewa kufuturu dakika 11 ni njaa tu. Alfajiri ndipo lilipouma. Waliokula hadi dakika ya mwisho ya skrini walikuwa wamekula baada ya alfajiri kuingia, na maalim akatuambia tuzilipe siku zile tatu baada ya Idi. Nami nilikuwa mmoja wao.

Sikuitupa maktaba yangu, lakini niliibadilisha mambo matatu. La kwanza, siku hizi inaangalia kwanza kama mashine yenyewe ina jibu lake, na faili la pamoja hutumika pale tu jibu la hapo lilipokosekana. Mwanzo nilikuwa nimefanya kinyume. La pili, kila inapojibu kwa niaba ya mashine inaandika kwenye kumbukumbu ni swali gani na jibu limetoka wapi. La tatu, kwa saa za sala haiulizi tena jina la mji. Inauliza longitudo na latitudo, na zikikosekana programu inakataa kuonyesha saa yoyote. Skrini tupu inamfanya mtu asikilize adhana.

Kwa wanaopenda kuchezea, nawaachia zawadi. Andika kwenye sheli:

TZ=SAA-9 date

Ukiifanya saa moja jioni, kompyuta itakuonyesha 01:00, na tarehe itakuwa ya kesho. Ni saa yetu ya Kiswahili, na siku inaanza jua linapozama karibu saa kumi na mbili, kama wazee wanavyohesabu usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilimwonyesha maalim amri hiyo. Aliitazama skrini, akatazama nje, akasema, "Sasa imeanza kuelewa." Kisha akaniuliza kama nimeshamaliza kulipa siku zangu. Nilikuwa nimebakiza moja.