Kapteni Joubert wa Karema na Mpala: Askari Aliyebaki



Katika masomo ya historia tulijifunza habari za Mkwawa, Mirambo na Kinjekitile, na ni haki kila kijana wa Tanzania kuzijua. Mambo yaliyotokea hapa hapa kwetu, kati ya Mpanda na ziwa, tuliyasikia kwa wazee zaidi kuliko vitabuni. Kwa hiyo nimeona niitumie nafasi niliyopewa katika gazeti hili kueleza habari za mtu mmoja aliyekuja Karema akiwa na bunduki, akamaliza maisha yake akiwa na katekisimu.

Karema iko kusini-magharibi ya Mpanda, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wabende. Tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Katavi; zamani sote tulihesabiwa Rukwa. Mwezi Agosti 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianza kujenga ngome hapo kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Afrika. Jina la chama lilikuwa pana, lakini mwenye chama hasa alikuwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. (Kwa wale wanaopenda jiografia: maji ya ziwa yalikuwa yamefika juu kabisa mwaka 1878, kisha yakatoboa njia ya mto Lukuga na kushuka kwa kiasi cha mita 10 katika miaka 15 hivi. Ngome iliyojengwa kwa ajili ya ziwa ikaachwa nchi kavu.)

Nchi haikuwa na amani. Misafara ya pembe na ya watumwa ilivuka ziwa kutoka Kongo, ikapita Ujiji na Tabora mpaka pwani, na vijiji vya njiani viliteketezwa. Mirambo wa Urambo naye alikuwa akipanua himaya yake. Mwezi Juni 1880 wazungu wawili wa chama kile, Carter na Cadenhead, waliuawa Mpimbwe katika vita ambavyo havikuwa vyao. Mwezi Mei 1881 wamisionari watatu wa shirika la Mapadre Weupe waliuawa Rumonge, katika Burundi ya leo. Ndipo Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika hilo huko Algiers mwaka 1868, alipozidi kuamini kwamba mapadre wake walihitaji askari wa kuwalinda.

Askari mmoja alikuwa tayari ameshafunga safari. Léopold Louis Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, alijiunga na jeshi la Papa, na mwezi Septemba mwaka huo huo alipigana Castelfidardo, ambako jeshi hilo lilishindwa vibaya. Alidumu katika kikosi cha Zouaves mpaka tarehe 20 Septemba 1870, siku Roma ilipotekwa na majeshi ya Italia. Alikuwa amefika cheo cha kapteni, na nchi aliyoitumikia kwa miaka kumi ikawa imefutika katika ramani. Mwaka 1880 aliondoka na msafara wa Mapadre Weupe kuja Tanganyika, akarudi Ulaya, kisha mwaka 1886 akaja tena, na safari hiyo hakurudi.

Wakati huo Leopold alikuwa amekwisha kuwaachia Mapadre Weupe vituo viwili mwaka 1885: Karema upande wetu, na Mpala ng'ambo ya ziwa. Joubert alifika kwanza Karema, na mwaka 1887 akavuka kwenda Mpala. Lavigerie alikuwa na ndoto ya kuanzisha ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na kwa muda kapteni huyu alikuwa karibu kuwa mtawala wake. Alifundisha vijana wa huko kutumia bunduki, akajenga boma, akaamua mashauri, akapigana na majeshi ya wafanya biashara ya watumwa. Mkubwa wao upande huu wa ziwa alikuwa Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, mwenye makao Ujiji.

Hapa ndipo wanafunzi wetu hugawanyika wanapojadili wamisionari. Wako wasemao kwamba wote walikuwa mawakala wa ubeberu, na hoja wanazo. Ufalme ule wa Mpala haukuombwa na wenyeji. Watoto waliokombolewa utumwani waliwekwa katika vijiji vya misheni chini ya amri za mapadre, na uhuru wao ulikuwa na mipaka. Msafara wa Kapteni Jacques, uliotumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, ulifika ziwani mwaka 1891 na kumwokoa Joubert, ambaye alikuwa amebanwa vibaya. Lakini msafara huo huo ulitengeneza njia ya Dola Huru ya Kongo, na taabu ambazo dola ile iliwaletea watu wa Kongo zinajulikana. Sioni sababu ya kuyaficha hayo kwa kuwa tu Joubert mwenyewe alikuwa mcha Mungu.

Lakini hesabu ya miaka nayo ina neno la kusema. Joubert alitawala kwa bunduki kwa muda wa miaka sita au saba hivi. Rumaliza aliposhindwa mwaka 1894, na maofisa wa Dola Huru waliposhika mamlaka, kazi ya kapteni ilikwisha. Alikuwa na umri wa miaka 52. Maofisa wengi wa namna yake walifunga masanduku wakaenda kwao kupokea nishani na kuandika vitabu. Yeye alibaki. Tangu Februari 1888 alikuwa amefunga ndoa ya kanisani, huko Mpala, na Agnes Atakaye, binti wa nchi ile. Wakati huo wazungu wengi waliishi na wanawake wa Kiafrika kisha wakawatelekeza, lakini ndoa hii ilidumu, na watoto wao walilelewa pale pale. Walikaa Saint-Louis ya Mrumbi, halafu mwaka 1910 wakahamia Misembe, karibu na Moba. Huko alifundisha dini, akawauguza wagonjwa, akawasaidia majirani kama mkristo yeyote wa kawaida.

Najua kwetu neno mchungaji ni la Wamoraviani, Waanglikana na Walutheri, na Joubert hakuwa hata padre. Hakupewa daraja lolote. Nalitumia kwa maana yake ya asili, ya mtu anayekaa na kundi. Kwa maana hiyo, hakuwa mchungaji alipokuwa mtawala wa Mpala, ila alipokwisha kunyang'anywa utawala.

Mlinganishe na Emile Storms, naye askari, aliyeiongoza Karema tangu 1882 na kuanzisha Mpala mwaka 1883. Mwezi Desemba 1884 watu wake walimwua Lusinga, mtemi wa Watabwa, wakamkata kichwa. Mwaka uliofuata Storms alirudi Ulaya, na fuvu la Lusinga likaishia Brussels. Alipata ujenerali na sanamu yake ikasimamishwa Ixelles, mpaka ilipoondolewa mwaka 1922 ukiongeza miaka mia, yaani 2022. Askari wawili, ngome zile zile mbili, ziwa lile lile. Mmoja alichukua mifupa ya mtu wa huku akaenda nayo kwao; mwingine aliileta mifupa yake mwenyewe akaiacha huku. Mimi, nikiulizwa, sitawaweka katika fungu moja, hata kama wote wawili walikuja kwa njia moja.

Wala tusimpe Joubert sifa za watu wengine. Karema yenyewe ilijengwa zaidi na Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekamatwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe na kusomeshwa uganga huko Malta. Huyu alifika Karema mwaka 1889, wakati Joubert akiwa vitani ng'ambo, na hakuwa na jeshi wala boma. Alikuwa na dawa zake tu. Aliwatibu Wabende, Wafipa na kila aliyebebwa mpaka mlangoni pake.

Joubert alifariki Misembe tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85, na habari ilivuka ziwa kuja Karema, ambako Atiman alikuwa bado akihudumia wagonjwa. Aliendelea na kazi hiyo karibu miaka 30 zaidi, mpaka alipofariki hapo hapo Karema mwaka 1956.