Rwanda na Hukumu ya Kufa

Juu ya mwuaji wengi wetu hushika neno moja: aliyeua naye auawe. Wengine hujibu: afungwe, aongoke, alipe. Ni rahisi kubishana hivyo barazani, mwuaji akiwa mmoja. Tutazame basi nchi ambayo wauaji walikuwa maelfu kwa maelfu.

Tangu Aprili hata Julai 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, Watutsi wa Rwanda waliuawa, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji hayo. Umoja wa Mataifa huwahesabu waliokufa kuwa 800,000 au zaidi. Serikali ya Rwanda husema walipita milioni moja. Wauaji hawakuwa askari tu. Wengi walikuwa jirani, watu waliochota maji kisima kimoja na hao waliowaua.

Novemba ya mwaka ule Baraza la Usalama liliamua kuweka mahakama ya kuwahukumu wakubwa wa mauaji, ndiyo iliyokaa Arusha. Rwanda, iliyokuwa na kiti katika baraza hilo, peke yake ilipiga kura ya kukataa. Mojawapo ya sababu zake yastahili kufikiriwa: mahakama ile haikuruhusiwa kutoa hukumu ya kufa. Basi aliyetoa amri angeishi gerezani, na mkulima aliyemtii angeuawa kwa sheria ya kwao. Hoja hiyo twaiona kuwa ya haki, ingawa dawa yake ilipatikana upande mwingine kabisa.

Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani, wanne wao Kigali, katika kiwanja cha Nyamirambo. Papa Yohane Paulo II aliwaombea wasiuawe, wala hakusikilizwa. Baada yao hakuuawa tena mtu kwa hukumu.

Magerezani walisongamana watu zaidi ya 100,000, na ilikadiriwa kwamba mahakama za kawaida zingehitaji miaka kupita mia kuwahukumu wote. Ndipo serikali ilipoigeukia gacaca, desturi ya kale iliyopata jina lake katika majani ambayo wazee waliketi juu yake. Zamani wazee hao waliamua zaidi magomvi ya mifugo na mashamba. Kuwatwika damu nyingi namna hii lilikuwa jambo jipya, na la kutisha. Sheria ikatoka 2001, na waamuzi wakachaguliwa na wanakijiji wenyewe. Aliyeungama alipunguziwa adhabu, na sehemu yake aliitumikia kwa kazi: kujenga nyumba, kuchimba matuta, kutengeneza barabara. Hadi gacaca ilipofungwa 2012 kesi zaidi ya 1,900,000 zilikuwa zimekatwa, na zaidi ya nusu zilikuwa za mali iliyoibwa au kuharibiwa.

Tarehe 25 Julai 2007 Rwanda ikafuta hukumu ya kufa. Tusiipambe habari hii: haikuwa huruma tupu. Mahakama ya Arusha na nchi za Ulaya hazikukubali kumpeleka mshitakiwa mahali anapoweza kuuawa. Aliyetaka wakubwa warudishwe ilimpasa kwanza kuweka bunduki chini. Hivyo manung'uniko ya 1994 yakapata jibu: aliyeamuru na aliyetii wote wawili wakaachiwa uhai.

Lakini deni lilibaki. Mwenye kuiba mabati au ng'ombe aliamriwa kulipa, walakini wengi walioamriwa hawakuwa na kitu. Na kwa roho za watu, gacaca haikutoza fidia yoyote. Mfuko wa serikali uliowekwa 1998 ulisomesha yatima na kuwatibu wagonjwa. Sheria ya kuwalipa fidia wafiwa iliandikwa, wala haikupitishwa. Aliyeungama alimaliza kazi yake akarudi kijijini. Wajane wengi walipata kujua, kwa maungamo hayo, mifupa ya waume zao ilitupwa wapi, wakaizika. Twasadiki kwamba hilo ni jambo kubwa. Shamba, hata hivyo, wameendelea kulilima peke yao.